Kabla ya Kugombea Asilimia, Nyumba Ithaminiwe

Ndoa inapovunjika na wenye ndoa wana nyumba, neno linalotawala vikao vyote ni asilimia. Mashangazi wanauliza asilimia ngapi, mawakili wanaandaa hoja za asilimia, na mashahidi wanaitwa kueleza nani alilipa mafundi na nani alikuwa akiwapikia. Hukumu nayo inakuja kwa lugha hiyohiyo: mume 60, mke 40, au nusu kwa nusu. Kinachonisikitisha ni kwamba katika mashauri mengi hakuna aliyeuliza jambo linalotangulia yote hayo: asilimia ya shilingi ngapi?

Tufanye hesabu ya mfano. Wawili walijenga nyumba ya vyumba vitatu huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ikipelekwa sokoni leo kwa utaratibu, bila haraka, itapata milioni 120. Mke ameondoka na watoto, yuko kwa dada yake. Mume amebaki ndani, na mkataba wa kununulia kiwanja uko kabatini kwake. Mbele ya hakimu anasema nyumba ile haizidi milioni 50, imechakaa, barabara ni mbaya, maji ni ya kununua. Mke anajua hilo si kweli, lakini hana karatasi ya kupinga, kwa hiyo nguvu zake zote anazielekeza kwenye asilimia. Anapigana miaka miwili kutoka 40 hadi 50, na anashinda. Faida ya ushindi wake ni milioni 5, kwa sababu sasa atalipwa milioni 25 badala ya 20. Angekubali asilimia 40 zilezile siku ya kwanza na kuhakikisha tu kwamba nyumba imethaminiwa na mtu anayeijua kazi hiyo, angepata milioni 48.

Hesabu hiyo inageuka pia. Wakati mwingine anayebaki ndani ni mke na watoto, na mume aliye nje ndiye anayetaja bei ya juu kupita kiasi, milioni 200 kwa nyumba ya 120, akijua mke hataweza kumlipa fungu lake na italazimu nyumba iuzwe. Kwa hiyo ninaposema nyumba ithaminiwe, simpendelei mke wala mume. Namtetea yule ambaye hana funguo na hana nyaraka, awe nani.

Kwa nini tumefika hapa? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake, na katika mambo mengi bado inasimama vizuri. Kifungu chake cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru ziuzwe na fedha zigawanywe. Kinaitaka mahakama itazame mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, mahakama ielemee upande wa usawa. Ukikisoma kifungu hicho kutoka mwanzo hadi mwisho hutakuta popote panaposema mali ithaminiwe, nani aithamini, wala thamani ihesabiwe ya siku gani.

Ukimya huo ulifunikwa na mjadala mwingine uliokuwa wa lazima. Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya sheria kutungwa, majaji hawakukubaliana kama kazi za nyumbani ni mchango. Wapo waliosema mke aliyepika, akafua na kulea alikuwa akitimiza wajibu wake tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikamaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif: kazi za ndani zinahesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Watu wengi hulitaja shauri hilo kama ushindi wa Bi Hawa. Kwa kanuni, ni kweli. Kwa mfuko wake, hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwishapewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, na ambazo alizitumia vibaya, zilikuwa zimemaliza fungu lake. Rufaa yake ilikataliwa.

Tangu hapo mawakili na majaji wetu wamekuwa mahodari wa kupima mchango. Mahakama ya Rufani imerudia mara kadhaa kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na anayedai lazima athibitishe. Hukumu zilizowekwa kwenye tovuti ya TanzLII zimejaa uchambuzi wa aina hiyo: risiti za saruji, mishahara, mikopo ya SACCOS, mama ntilie aliyechangia mabati. Kisha unafika ukurasa wa mwisho na kukuta amri ya mstari mmoja kwamba nyumba iuzwe na wadaawa wagawane kwa kiwango kilichotajwa. Iuzwe na nani, kwa bei ya chini kiasi gani, baada ya kukaguliwa na nani, mara nyingi haisemwi. Shauri linarudi mahakamani wakati wa kukazia hukumu, na hapo ndipo ugomvi wa bei unapoanza, wakati ambapo mmoja amechoka na mwingine bado amekalia nyumba.

Katika pengo hilo wanaingia watu wa kila aina. Dalali wa mtaani huitwa aseme bei, na ataisema bila kusita, kwa sababu kazi yake ni kukutanisha muuzaji na mnunuzi, na bei anayoitaja ni ile inayomharakishia kamisheni. Fundi aliyejenga huitwa akumbuke alitumia nondo ngapi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye amegonga muhuri kwenye mikataba mingi ya mauziano, naye huombwa kauli. Wote hao wanaweza kuwa watu waaminifu na wana la kusema. Ila kutamka thamani ya nyumba mbele ya mahakama ni taaluma yenye sheria yake. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, iliyoweka Bodi ya Usajili na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, na mtu ambaye hakusajiliwa hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Chuo Kikuu Ardhi kinawafundisha vijana uthamini kila mwaka. Wataalamu tunao, na benki zinawatumia kila siku kabla ya kutoa mkopo kwa dhamana ya nyumba. Inawezekanaje benki ikose usingizi kwa kutojua thamani ya nyumba inayowekwa dhamana, lakini familia inayogawanyika igawane kwa kukisia?

Anayedhani mthamini huja, hutazama nyumba kwa macho na kutaja bei, hajamwona akifanya kazi. Anaanza na karatasi: hati miliki au leseni ya makazi, kama hazipo basi mkataba wa mauziano, ramani ya nyumba, kibali cha ujenzi, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kisha anapima. Futi kamba inazungushwa nje ya jengo, ukuta kwa ukuta, kisha ndani, chumba kwa chumba. Anaandika aina ya bati na ilivyo, kama dari ni ya jipsamu au ya mbao, kama sakafu ni marumaru au saruji iliyosuguliwa, madirisha ya aluminiamu au ya nondo na wavu. Anafungua bomba kuona kama maji yanatoka. Anazunguka uzio, anahesabu matenki, anauliza shimo la choo lina kina gani, anapiga picha za nyufa. Akiona kibanda cha nyuma chenye wapangaji anauliza kodi yao ni kiasi gani. Anatoka barabarani, anapima umbali hadi lami, anauliza viwanja vya jirani vimeuzwa kwa bei gani na lini.

Baada ya hapo anachagua njia ya kukokotoa. Kama kuna nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni eneo hilo, analinganisha. Kama ni nyumba ya kupangisha, anatazama kodi inayoingia. Kama ni jengo lisilo na mfano wake sokoni, anahesabu ingegharimu kiasi gani kulijenga upya leo, anatoa uchakavu, anaongeza thamani ya ardhi. Kila njia ina udhaifu wake, na hapa Tanzania njia ya kulinganisha ina udhaifu mkubwa: watu wengi wanapouziana huandika mkatabani bei ndogo kuliko waliyolipana, ili kupunguza kodi na tozo. Mthamini anayetegemea mikataba peke yake ataibuka na thamani iliyo chini ya ukweli. Mthamini mzuri analijua hilo, huwatafuta wauzaji na wanunuzi wenyewe na kuwauliza.

Watu wengine huja mahakamani na karatasi za kodi ya majengo wakidhani zinathibitisha thamani. Hazithibitishi. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni kiwango kimoja, iwe ya vyumba viwili Mbagala au ya vyumba sita Mikocheni.

Suala la tarehe ndilo ninaloliona gumu kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Mke na mume walitengana mwaka 2017. Shauri lilifunguliwa 2020, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kuwapatanisha. Hukumu ikatoka 2022, rufaa ikaamuliwa 2024. Nyumba ithaminiwe ya mwaka gani? Katika muda huo lami imefika, bei ya viwanja imepanda, na aliyebaki amejenga fremu mbili za maduka mbele ya nyumba kwa fedha zake. Ukichukua thamani ya siku ya kutengana, aliyeondoka amenyimwa ongezeko ambalo halikutokana na jasho la mtu yeyote, limetokana na barabara ya serikali. Ukichukua thamani ya siku ya malipo bila kuangalia jingine, aliyebaki ananyang'anywa fremu alizojenga peke yake.

Kwa maoni yangu jibu la haki ni kutenganisha mambo hayo mawili. Ardhi na jengo la zamani vithaminiwe kwa bei ya wakati wa kugawana, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vyao na viliendelea kuwa vyao. Alichoongeza mmoja baada ya kutengana kiandikwe pembeni na kirudi kwake. Hili mthamini anaweza kulifanya, ila kwa sharti moja: awe ameiona nyumba mapema. Asipoiona hadi mwaka wa saba, atatofautishaje fremu za 2021 na ukuta wa 2015? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ni ukaguzi wa kwanza, wenye picha na vipimo, uliofanyika mara tu shauri linapofunguliwa.

Ukaguzi wa mapema unazuia pia uharibifu. Hasira za talaka ni hasira mbaya. Kuna anayeng'oa milango ya mninga, anayeuza pampu ya kisima, anayeacha bati livuje hadi dari inaanguka, kisha anasimama mahakamani na kusema nyumba haina thamani. Picha za mwezi wa kwanza zikiwepo, anayefanya hivyo atakatwa kwenye fungu lake. Zisipokuwepo, hasara wanaigawana wote, na aliyebomoa anakuwa amemwadhibu mwenzake kwa mali ya mwenzake.

Kuna na kodi za wapangaji. Nyumba ya familia yenye vyumba vinne vya kupangisha kwa shilingi 50,000 kila kimoja inaingiza 200,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ya shauri ni milioni 7.2, zote zikiingia kwa aliyebaki. Sioni kwa nini fedha hizo zisihesabiwe siku ya kugawana, baada ya kutoa gharama za matengenezo na matumizi ya watoto kama anaishi nao. Ripoti ya mthamini ikiandika kodi hizo tangu mwanzo, hakimu ana pa kuanzia.

Sasa tuje kwenye nyumba ambazo hazifanani na mifano ya vitabuni, maana hizo ndizo nyingi. Sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa kwenye maeneo yasiyopimwa. Kuna mtu ataambiwa nyumba yako haina hati, basi haina thamani. Huo ni uongo wa wazi. Nyumba isiyo na hati huuzwa na kununuliwa kila siku Buza, Manzese na Tandika, na bei yake inajulikana. Kukosa hati kunapunguza bei, na mthamini ataonyesha imepungua kiasi gani na urasimishaji, yaani kupimiwa kiwanja na kupewa hati, ungegharimu shilingi ngapi.

Kisha kuna boma, yaani nyumba iliyofika kwenye lenta, au iliyopauliwa lakini haijapigwa plasta. Wanandoa wengi wa kipato cha kati wana boma moja mahali fulani, Kibaha, Kisarawe au Bunju, walimoweka akiba ya miaka yao yote. Kwenye talaka boma hudharauliwa. Mume anasema ni matofali tu pale. Lakini ukijumlisha msingi, mawe, nondo, zege la lenta, mbao na mabati ya kupaulia, utakuta boma limemeza fedha nyingi kuliko nyumba ndogo iliyokamilika. Ni kweli kwamba mnunuzi hatalipa gharama yote hiyo, na ndiyo maana anahitajika mtu wa kupima, asiachiwe mwenye nalo kulitaja apendavyo.

Nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo ndiyo inayoumiza zaidi. Kijana ameoa, baba yake amempa kipande cha uwanja nyuma ya nyumba kubwa, yeye na mkewe wamejenga. Ndoa inapovunjika, ukoo mzima unasimama: ardhi hii ni ya babu, haigawanywi kwa mgeni. Nakubali kwamba ardhi ya ukoo isiuzwe kwa mtu wa nje kwa sababu ya talaka ya mtoto mmoja. Nisichokubali ni kwamba mke aliyetia fedha na nguvu zake kwenye kuta zile aondoke na sanduku la nguo. Ripoti inayotenganisha thamani ya ardhi na thamani ya jengo inalitatua hili kwa heshima ya pande zote. Ardhi inabaki kwa ukoo, mke analipwa fungu lake la jengo. Ripoti inayotaja jumla moja peke yake inamnyima hakimu njia hiyo, kwa hiyo wahusika wadai mchanganuo.

Jambo jingine la kuangaliwa ni aina ya thamani inayotajwa. Ripoti nyingi, hasa zilizoandaliwa kwa ajili ya benki, huwa na thamani mbili: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya kulazimishwa, ambayo ni ndogo kwa sababu inakisia nyumba itauzwa haraka kwenye mnada. Aliyebaki ndani ya nyumba na anataka kumlipa mwenzake atakimbilia ile ndogo. Haistahili. Kama yeye anabaki na nyumba, hakuna mauzo ya kulazimishwa. Anachopata ni nyumba nzima yenye thamani yake yote, na fungu la mwenzake lihesabiwe kwa thamani ya soko. Usiikubali pia ripoti ya zamani ya mkopo bila kuuliza iliandaliwa lini na kwa kusudi gani. Na kama nyumba ina mkopo, kinachogawanywa ni kinachobaki baada ya kutoa deni, ilimradi deni lilikuwa la familia. Deni la mtu aliyekopa kwa shughuli zake binafsi halipaswi kumlemea mwenzake.

Kenya wamepita njia inayofanana na yetu, ingawa sheria yao ni mpya zaidi. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja wazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata uenzi, yaani kuwa pamoja na mwenzi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua shauri la JOO dhidi ya MBO, lililohusu nyumba ya familia na vyumba vya kupangisha Nairobi. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu. Mahakama ya Juu ikaithibitisha nusu hiyo, lakini ikaeleza kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa kwenye Ibara ya 45 ya Katiba haumaanishi kila mali igawanywe nusu kwa nusu bila kuangalia mchango. Magazeti yaliandika sana juu ya asilimia hizo. Nilichokiona mimi ni Mahakama Kuu kuzigawa nyumba na vyumba vya kupangisha katika viwango viwili tofauti. Mara tu unapofanya hivyo, huwezi kukwepa kuthamini kila kimoja peke yake, maana nyumba ya kuishi na vyumba vinavyoingiza kodi havithaminiwi kwa kipimo kimoja.

Turudi nyumbani, kwa anayesoma haya akiwa katikati ya shauri. Kinga ya kwanza haigharimu sana. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mmoja kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo, na kinamruhusu mwenzake kulinda maslahi yake kwa kuweka zuio. Kama nyumba ina hati, zuio huwekwa kwa Msajili wa Hati. Kama haina, barua kwa serikali ya mtaa na majirani wa mipakani husaidia kuliko kukaa kimya. Usisubiri hukumu. Nyumba ikishauzwa kwa mtu wa tatu, unaingia kwenye shauri jingine kabisa, na yule mnunuzi naye ana wakili.

Hatua ya pili ni kuomba uthamini mapema na kwa pamoja. Kila upande ukileta mthamini wake, hakimu ataletewa ripoti mbili zenye tofauti ya milioni 60 na hatakuwa na njia ya kujua aiamini ipi. Ni bora mthamini mmoja, anayekubaliwa na pande zote au kuteuliwa na mahakama, akague mbele ya wote wawili au wawakilishi wao, na awe tayari kuitwa aulizwe maswali. Asiwe rafiki wa familia. Ripoti yake iseme alikagua siku gani, alioneshwa nyaraka zipi, alitumia mauzo gani kulinganisha, na nini hakuweza kukiona. Ukikuta ripoti isiyotaja nyumba hata moja iliyolinganishwa, iulizie.

Mahakama zina uwezo wa kuamuru hivyo leo. Amri ya 26 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inairuhusu mahakama kumtuma mtu akakague mali na kubaini thamani yake ya soko, kisha arudishe taarifa. Uwezo huo upo tangu 1966 na wengi wetu tumeusahau. Tatizo ni kwamba sheria hiyo haiongozi mahakama za mwanzo, na huko ndiko wanandoa wengi wa kawaida wanakopeleka talaka zao, mara nyingi bila wakili, wakiwa na cheti cha baraza la usuluhishi na bahasha ya risiti. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kupokea ushahidi wa mthamini ukiletwa, lakini nani atauleta? Kinahitajika kifungu kifupi katika kanuni za mashauri ya ndoa, kinachosema kwamba panapokuwa na nyumba au kiwanja kinachogombewa, ukaguzi ufanyike kabla ya ushahidi kuanza kusikilizwa na thamani ihuishwe kabla ya amri ya mwisho.

Litaulizwa suala la ada, na ni haki liulizwe, maana mwanamke aliyeondoka na watoto watatu hana fedha ya kumlipa mthamini. Asilazimishwe kuitoa. Fedha iko kwenye nyumba yenyewe. Aliyebaki ndani, ambaye halipi kodi kwa mtu, aitangulize, na siku ya kugawana irudishwe kutoka kwenye jumla kabla ya mafungu kukatwa, ili kila mmoja awe amebeba kwa kadiri ya asilimia yake. Na amri ya mwisho iandikwe kwa ukamilifu: thamani ya soko ni kiasi hiki kwa ripoti ya tarehe hii, anayebaki na nyumba amlipe mwenzake kiasi hiki kwa shilingi ndani ya miezi sita, akishindwa, nyumba iuzwe kwa bei isiyopungua kiwango hiki, na dalali wa mahakama asiuze chini ya hapo bila ruhusa ya mahakama.